BWAWA LINALOVUJA

Ninyi mlioko Kasulu, ninyi mlioko Kibondo, na ninyi nyote wa nyanda za juu za Kigoma, somo la leo ni la maji. Kila mmoja awe na daftari na kalamu, maana tutapiga hesabu kidogo.

Mvua zetu hukatika karibu na mwezi wa Mei. Toka Juni mpaka Septemba ardhi hukauka. Mwenye bustani ya mchicha au nyanya hutegemea maji aliyoyaweka akiba. Kwa sababu hiyo wako watu waliochimba bwawa dogo nyumbani, wakalitandika nailoni ili maji ya mvua yasizame ardhini. Wengine hufuga perege humo. Bwawa hilo likitoboka mwezi wa Juni, bustani hufa mwezi wa Julai. Je, tufanye nini?

Kwanza tujue bwawa hili linavyofanya kazi. Baadhi yenu mliona matangi ya duara yaliyowekwa katika kambi za wakimbizi, kama Nyarugusu wilayani Kasulu. Nje ni mabati, na ndani ni mpira mpana. Mabati hubeba uzito wa maji. Mpira huzuia maji yasitoke. Bwawa lenu ni vivyo hivyo. Ardhi hubeba uzito, nailoni huzuia maji. Hata mabwawa ya kuogelea ya mijini yaliyotandikwa plastiki hufuata kanuni hiyo. Basi andikeni: NAILONI HAIBEBI UZITO. ARDHI NDIYO INAYOBEBA.

Sasa tutafute kama bwawa linavuja. Maji hupungua pia kwa jua na upepo, hata bwawa likiwa zima. Jazeni ndoo maji, iwekeni kando ya bwawa, mahali penye jua lile lile. Tieni alama ya maji ndani ya ndoo. Chomekeni kijiti kando ya maji ya bwawa, nacho mkitie alama, ila msitoboe nailoni. Rudini kesho saa ile ile.

Tuseme maji ya ndoo yameshuka nusu sentimita, na ya bwawa yameshuka sentimita 2. Nusu sentimita imechukuliwa na jua. Sentimita moja na nusu imevuja. Tuseme tena kuwa bwawa lina urefu wa mita 6 na upana wa mita 4. Sita mara nne ni 24. Katika kila mita moja ya mraba, sentimita 1 ya maji ni lita 10. Kwa hiyo sentimita 1 katika bwawa zima ni lita 240, na sentimita moja na nusu ni lita 360. Hayo ni madumu 18 ya lita 20. Mama anayebeba dumu kichwani anajua uzito wa hesabu hii. Madumu 18 yanapotea kila siku!

Tundu liko wapi? Yaacheni maji yashuke, mkitia alama kila asubuhi. Yakifika mahali yakaacha kuvuja, tafuteni tundu ukutani, kwenye mstari huo huo. Yakiisha yote, tundu liko sakafuni.

Mkishaliona, msikimbilie kiraka. Bonyezeni kwa mkono pale penye tundu. Pakibonyea, chini pana shimo. Huenda maji yamekula udongo, au mchwa au fuko wamechimba njia. Mkibandika kiraka juu ya shimo, maji yakijaa yatakisukuma ndani, nacho kitapasuka. Kazi yenu itakuwa bure.

Toeni maji, nayo msiyamwage ovyo, yapelekeni bustanini. Perege wahamishiwe kwenye pipa la maji ya bwawa lile lile, kivulini. Kisha funueni nailoni kutoka ukingoni hadi mfike penye shimo. Ondoeni mawe, kateni mizizi. Jazeni udongo wenye unyevu kidogo, tabaka moja la sentimita 10, mshindilie, ndipo muweke tabaka jingine. Kama ni ukuta ulioporomoka, chongeni kwanza vidato katika udongo mgumu ili udongo mpya upate pa kushika. Ukuta usisimame wima, ulazeni. Mwisho tandazeni mchanga laini au magunia ya zamani, ndipo mrudishe nailoni.

Sasa ni zamu ya kiraka. Lazima mjue mnaziba kitu gani. Kateni kipande kidogo, kiosheni, mkizamishe katika maji kisha mkiachie. Kikielea, ni nailoni ya kawaida. Gundi haiishiki vizuri; huunganishwa kwa joto. Wekeni kiraka, juu yake karatasi, kisha mpitishe pasi ya mkaa polepole. Jaribuni kwanza kwenye vipande vibovu. Kikizama nacho ni kama turubai la lori, tumieni gundi ya turubai. Hilo msilipige pasi wala msilichome, maana moshi wake ni sumu. Kikivutika kama tyubu ya baiskeli, huo ni mpira. Fundi baiskeli atawaonyesha: kwaruza, paka gundi, ngoja ikauke kidogo, bandika, gandamiza.

Kiraka kiwe cha kitu kile kile. Kipite tundu kwa sentimita 10 kila upande, na pembe zake ziwe za mviringo, kwa kuwa pembe kali hubanduka upesi. Mahali pa kubandika pawe safi na pakavu kabisa. Gundi ikauke vizuri kabla ya kurudisha maji na samaki.

Msijaze bwawa kwa siku moja. Tieni maji kidogo, mlale, muangalie alama. Kisha fukieni ukingo wa nailoni kwa udongo na majani, kwa sababu jua huikausha mpaka ikapasuka.

Neno la mwisho ni kubwa kuliko yote, ndugu zangu. Nailoni yenye maji huteleza. Mtoto akitumbukia hapati pa kushika, hata kama bwawa si refu. Mbuzi naye ni hivyo hivyo, na kwato zake hutoboa nailoni. Zungushieni bwawa uzio leo hii. Fungeni kamba yenye mafundo kwenye mti imara, ishuke mpaka ndani ya maji. Bwawa lisilo na uzio bado ni bovu, hata kama halivuji tone moja.

Maswali ya darasani:

1. Kwa nini tunashindilia ardhi kabla ya kubandika kiraka?
2. Bwawa lina urefu wa mita 5 na upana wa mita 3. Limevuja sentimita 2. Ni madumu mangapi ya lita 20?
3. Nani kati yenu ana bwawa lisilo na uzio? Mtamsaidia siku gani?

Kwaherini, ndugu wanafunzi.