Kitabu cha Salva na Nya, na Sisi Tuliopitia Mulanda
(Maneno ya walimu katika siku ya kumbukumbu)



Siku hii ni ya kuwakumbuka wote waliopitia Mulanda, nasi walimu tumeona tuzungumzie kitabu cha watoto. Kinaitwa A Long Walk to Water, yaani mwendo mrefu wa kufuata maji. Mwandishi ni Linda Sue Park wa Marekani, na kilitoka mwaka 2010. Tunakisoma darasa la sita hapa Kiryandongo huku tukikifasiri kwa Kiswahili, maana nakala ni chache na Kiingereza chake, ingawa chepesi, bado ni Kiingereza.

Kina watoto wawili wa kusini mwa Sudan. Salva, Mdinka, ni mtu wa kweli. Vita vilimkuta darasani mwaka 1985, akiwa na miaka 11, mwalimu akawaambia wakimbilie porini, wasirudi nyumbani. Nya ni msichana wa Kinueri, wa kubuniwa, naye mwaka 2008 anakwenda bwawani kuteka maji mara mbili kila siku.

Mwaka 2008 twaujua. Matokeo ya uchaguzi wa Kenya yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, majirani wakageukana, nasi tukavuka mpaka, wengine Busia, wengine Malaba, hadi kambi ya muda ya Mulanda wilayani Tororo. Wengi wetu tulikuwa Wakikuyu. Mulanda ni kwa Jopadhola, na lugha yao ni ndugu ya Kijaluo. Mama zetu walipoisikia kwenye foleni ya maji walishtuka, kwa sababu ilifanana na ya majirani walioachana nao vibaya. Hakuna aliyetoa hotuba ya amani pale. Wenyeji walisogea tu, wakaonyesha kwa mkono kwamba mgeni ateke kwanza. Sisi watoto tulizoea mapema. Haukupita muda tukawa tunasalimia kwa Kipadhola, tukikosea, nao wakitucheka.

Kitabu hakifichi mambo. Watu wazima wanamwacha Salva usingizini ghalani, kwa kuwa mtoto huchelewesha safari. Bibi mmoja anampa karanga. Baadaye baba yake mdogo, Jewiir, anampata, na jangwani anamfundisha kutembea hatua fupi fupi: fika kwanza kwenye kile kichaka, kisha tutazame kingine. Jewiir anauawa na Wanueri wenye silaha. Lakini mwaka 1991, wakimbizi walipofukuzwa Ethiopia na kuvushwa mto Gilo kwa bunduki, ni Salva aliyewaongoza wavulana zaidi ya elfu moja hadi Kenya, kwa hatua zile zile za Jewiir. Wengi wetu pia tulilelewa na shangazi, au na mama wa hema la jirani, na mpaka leo tunawaita mama.

Muhula uliopita wazazi wawili, waliokimbia vita vya Sudan Kusini vilivyoanza Desemba 2013, walituomba turuke sura ya kifo cha Jewiir. Darasani Wadinka na Wanueri wanakaa dawati moja. Ombi lao lilikuwa la heshima, nasi tukakaa nao kwa muda mrefu. Hatukuiruka. Watoto huyasikia hayo usiku, wazazi wakidhani wamelala, tena huyasikia nusu. Kitabuni wanayapata yote, mpaka kisima kinapochimbwa kijijini kwa Nya na msichana huyo kuambiwa kwamba mkubwa wa wachimbaji ni Mdinka. Ni Salva. Alihamia Marekani mwaka 1996, na mwaka 2003 akaanzisha shirika la kuchimba visima. Nya anamwendea, anamshukuru. Wazazi wale walikuja kusikiliza sura ya mwisho, wakasimama dirishani.

Tuna ombi moja. Kila Ijumaa saa kumi jioni tunasoma chini ya mwembe wa shule, kila mtu anakaribishwa. Wavulana wanajaa. Wasichana hawafiki, kwa sababu saa hiyo wametumwa kisimani. Wazazi, watumeni mapema kidogo, au siku hiyo jerikani ibebwe na kaka yake.