Mapipa Mangapi? Tuambiwe Ukweli Wote

Malori ya mafuta yanayopanga foleni Malaba na Busia hupeleka petroli na dizeli Uganda, nchi iliyogundua mafuta ghafi yake mwenyewe kando ya Ziwa Albert mwaka 2006. Uganda hutaja mapipa bilioni 6.5 yaliyoko ardhini, na takriban bilioni 1.4 yanayoweza kutolewa.

Hayo ni makadirio, msikilizaji, na una haki ya kujua yanavyopatikana. Wataalamu hutuma mawimbi ardhini, kisha hupima muda yanaochukua kurudi. Wanachopata ni sekunde, si mita. Ili kujua kina, lazima wajue kasi ya wimbi ndani ya mwamba, nayo hubadilika kutoka tabaka hadi tabaka. Wimbi likienda na kurudi kwa sekunde 2, kwa kasi ya mita 3,000 kwa sekunde, mwamba uko mita 3,000 chini. Kosea kasi hiyo kwa asilimia 3 tu, na umeusogeza mwamba mita 90! Unene una taabu yake: tabaka likiwa jembamba mno, mwangwi wa juu na wa chini huchanganyika.

Kwa hiyo kompyuta huchora mamia ya maumbo ya mwamba wenye mafuta, yote yakikubaliana na visima vilivyochimbwa, lakini yakitofautiana katikati ya visima. Jibu la haki ni makadirio ya chini, ya kati na ya juu. Hapa kwetu Kenya pia, tangu kisima cha Ngamia 1 kilipopata mafuta Turkana mwaka 2012, wananchi wanastahili kutangaziwa yote matatu.