SOMO LA REDIO KWA WATU WAZIMA: HELIKOPTA YA VITA YAZIMA MOTO

Fungueni madaftari, maana leo tuna hesabu kidogo.

Tutasoma habari za helikopta iliyotoka vitani ikapewa kazi ya kuzima moto. Helikopta ni ndege isiyo na mabawa. Huinuliwa na pangaboi kubwa lizungukalo juu yake, nayo yaweza kusimama angani mahali pamoja. Kwa hiyo huweza kuteka maji hata katika bwawa dogo.

Mwaka 1956 kampuni ya Bell ya Marekani ilirusha kwa mara ya kwanza helikopta ya jeshi iliyokuja kuitwa Huey. Katika vita vya Vietnam ilichukua askari na majeruhi. Miaka ya 1980 na 1990, idara ya misitu na zimamoto ya California ilipokea Huey zilizotoka jeshini. Mafundi wakaondoa vyombo vya kivita, wakaongeza nguvu ya injini, na chini ya tumbo wakaning'iniza ndoo kubwa ya maji, kadiri ya lita 1,200.

Sasa hesabu. Ndoo yetu ya nyumbani huchukua lita 20. Basi ndoo ya helikopta ni sawa na ndoo zetu 60. Tuseme maji yako karibu, na kwenda na kurudi ni dakika 6. Kwa saa moja itafanya safari 10, yaani lita 12,000. Maji yakiwa mbali, na safari ikachukua dakika 30, itamwaga lita 2,400 tu. Mwaona? Ndege ni ile ile, rubani ni yule yule, lakini umbali wa maji umebadili kazi yote.

Tena, maji ya angani hupunguza ukali wa moto tu. Makaa hubaki chini ya magogo na mizizi, na upepo ukivuma moto huamka. Hapana budi watu wafike kwa miguu, wenye majembe na mapanga, wachimbue makaa na kukata njia ya kuzuia moto.

Tukumbuke Mlima Kilimanjaro. Moto ulioanza tarehe 11 Oktoba 2020 uliunguza kilomita za mraba zipatazo 95. Juu mlimani hewa ni nyepesi, na helikopta hupata taabu kuinua mzigo. Mamia ya watu, wakiwamo askari wa hifadhi, wanafunzi na wanavijiji, walipanda kupambana nao, wengi wakiupiga kwa matawi. Moto huo ulianzia Whona, mahali pa kupumzikia, na Shirika la Hifadhi za Taifa lilieleza kuwa yadhaniwa chanzo ni moto wa kupashia chakula. Moto wa sufuria moja!

Hapa Pasiansi tunacho Chuo cha Taaluma ya Wanyamapori, kilichoanzishwa mwaka 1966, kifunzacho askari wa wanyamapori. Mbuga ikiwaka, mara nyingi askari wa namna hiyo ndio hutangulia kufika.

Nasi wakulima tuna sehemu yetu. Majani ya shamba yakiachwa yaoze huwa mbolea. Afadhali kuliko kuyachoma. Ukilazimika kuchoma, kwanza fyeka ukanda kuzunguka shamba, waarifu majirani, ngoja upepo utulie, wala usiondoke mpaka majivu yapoe. Moto ukikushinda, usingoje: piga simu namba 114, ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Maswali ya darasani:
1. Huey ilirushwa mara ya kwanza mwaka gani?
2. Helikopta ikifanya safari 4 kwa saa, itamwaga lita ngapi?
3. Kwa nini watu wa miguu huhitajika hata kama helikopta ipo?
4. Katika kijiji chenu, maji ya kuzimia moto yako umbali gani? Jadilianeni.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.