Aliye Katikati ya Fahali Wawili
(Hotuba kwa wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili, semina ya migogoro ya ardhi)



Wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Mara nyingi tunaitumia methali hii kumhurumia aliye katikati. Leo naomba tujiulize: aliye katikati afanye nini?

Tuchukue mgogoro wa wakulima na wafugaji. Mwezi Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa. Chanzo tunakifahamu. Wakati wa kiangazi malisho hukauka na mifugo huteremshwa bondeni kutafuta maji. Huko bondeni ndiko mkulima alikopanda mpunga na mboga, na pengine amelima hadi kwenye njia ya mifugo. Kila upande una haki yake, na kila upande una kosa lake.

Kamati ya usharika iko hapo katikati, maana Jumapili wote huketi benchi moja. Ukimsikiliza mfugaji, utaambiwa umenunuliwa. Ukimsikiliza mkulima, utaambiwa hivyo hivyo. Wengi wetu huamua kunyamaza, na anayefaidika na ukimya huo ni mwenye nguvu siku hiyo.

Sheria imetupa pa kushika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Kamati zisichukue kazi hiyo. Zisaidie pande zote kufika mbele ya Baraza.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kabla ya kiangazi, wakulima na wafugaji waitembee njia ya mifugo pamoja na kuiwekea alama. Pili, mazao yakiliwa, hasara ikaguliwe na watu wa pande zote mbili na fidia iandikwe. Tatu, mgogoro ukiwapo, kamati isipokee zawadi ya upande wowote, hata ng'ombe wa mnada wa mavuno.

Kwa wafadhili nina ombi moja. Lambo likichimbwa kabla ya watu kukubaliana njia ya kulifikia, ng'ombe wengi zaidi watapita mashambani. Tuvumilieni fedha zisubiri makubaliano, hata kama taarifa ya robo mwaka itaonekana nyembamba.