Wenyeji wa Mbinguni, Wakazi wa Hapa

Mada iliyotolewa katika semina ya wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi vya usharika



Nimepewa kichwa kinachosema "Furaha na tumaini la Mkristo ambaye kwao ni mbinguni". Nina jambo moja la kusema, na nitalizunguka kwa njia kadhaa: anayejua kwa hakika kwamba kwao ni mbinguni ndiye mwenye nguvu ya kukaa na watu hapa duniani, akacheka nao na kulia nao bila kuvunjika. Tumaini la mbinguni linalomtenga mtu na jirani yake lina kasoro mahali. Nasema hivi kwa sababu katika sharika zetu nyingi mbingu imebaki kuwa habari ya msibani. Jumapili za kawaida tunahubiri ndoa, malezi, uchumi, sadaka na ujenzi. Jeneza likiingia kanisani, hapo ndipo tunapokumbuka kwamba tuna kwetu kwingine.

Tuanze na Wafilipi, maana neno la uraia wa mbinguni wengi wetu tunalichota hapo (Flp 3:20). Filipi ulikuwa mji wa Makedonia, wenye jina la mfalme Filipo wa Pili aliyeutwaa mwaka 356 K.K. Mwaka 42 K.K. majeshi ya Antonius na Oktaviano yaliwashinda pale Bruto na Kasio, wauaji wa Julius Kaisari, kisha askari waliomaliza utumishi wakagawiwa mashamba na mji ukafanywa koloni la Roma. Basi katikati ya nchi iliyosema Kigiriki ukawapo mji wenye maandishi ya Kilatini kwenye mawe yake na sheria ya Roma katika baraza lake. Raia wa Roma hakuweza kuchapwa hadharani bila kuhukumiwa. Ndiyo maana wakuu wa mji waliingiwa na hofu asubuhi ile walipogundua kwamba Paulo na Sila, waliowapiga fimbo na kuwatia gerezani, walikuwa raia (Mdo 16:37-39).

Mfikirieni askari mstaafu wa Filipi. Jina lake limo katika hesabu ya raia wa Roma, lakini hafungi mizigo kila jioni akingoja safari ya kurudi. Analima, anajenga, analea watoto, na katika hayo yote anaishi kwa desturi za Roma ugenini. Watu wa mji kama huo walipoandikiwa kwamba uraia wao uko mbinguni, nadhani walielewa haraka kuliko sisi. Walielewa kwamba wanatakiwa kuishi hapa kwa sheria ya kule. Tena Paulo anaongeza neno ambalo mara nyingi tunalipita: kutoka huko mbinguni tunamngojea Mwokozi aje, naye ataubadilisha mwili huu dhaifu ufanane na mwili wake wa utukufu. Tumaini letu ni ufufuo. Mungu hajautupa udongo aliouumba.

Sasa angalieni aliyekuwa akiandika. Paulo alikuwa kifungoni, na kesi yake ingeweza kuishia kwa kifo. Waraka wenyewe una sura nne tu, na furaha imo karibu kila mahali. Katika sura ya kwanza anafungua moyo wake: anatamani kwenda kukaa na Kristo, anaona hilo ni bora sana, lakini anaona pia kwamba kubaki kuna faida kwao. Na anachagua kubaki, kwa ajili ya imani yao na furaha yao. Ndugu zangu, hapo ndipo penye kiini cha mada yangu. Hamu ya mbinguni ilimfanya awe mwepesi kujitoa kwa wengine, kwa sababu hakuwa na cha kupoteza.

Halafu kuna Epafrodito, yule ndugu aliyetumwa na Wafilipi kumpelekea Paulo msaada, akaugua njiani au kifungoni hadi kukaribia kufa. Paulo anasema wazi kwamba Mungu alimhurumia mgonjwa, na alimhurumia yeye Paulo pia, asije akaongezewa huzuni juu ya ile aliyokuwa nayo (2:25-27). Yaani mwandishi wa waraka wa furaha anakiri kwamba alikuwa na huzuni, na kwamba kifo cha rafiki kingemuumiza. Hakumwambia yeyote kwamba Epafrodito akifa ni sawa tu kwa kuwa anakwenda mahali pazuri.

Hapo naomba tukae kidogo, kwa sababu sisi tuliomo humu ndio tunaoongoza ibada za msiba.

Nilikaa katika msiba mmoja, sebuleni, viti vyote vimetolewa nje chini ya turubai, mjane ameketi kwenye godoro lililotandikwa sakafuni. Vikundi vya akina mama vilikuwa vinaingia kwa zamu: wimbo, neno fupi, sala, rambirambi kwenye bahasha, kisha kutoka kupisha wenzao. Kila mara mjane alipoanza kulia, mtu alimshika bega akamwambia anyamaze, marehemu yuko pazuri, Mungu amempenda zaidi, wewe ni mtu wa imani bwana. Akanyamaza. Alinyamazishwa hivyo asubuhi nzima kwa maneno ya imani. Mchana akaja bibi mmoja jirani, akavua kandambili mlangoni, akaketi kwenye godoro lile, akamvuta yule mama kifuani na kulia naye kwa sauti. Walilia mpaka wakachoka wote wawili. Ndipo bibi akaanza kuzungumza kwa upole habari za siku ile tutakayofufuliwa, akimtaja marehemu kwa jina. Baadaye mjane aliomba uji.

Bibi yule alikuwa na tumaini kubwa kuliko wote tulioingia kabla yake. Mtume anapowaandikia Wathesalonike juu ya waliolala, hawakatazi kuhuzunika. Anawataka wasihuzunike kama watu wasio na matumaini (1 The 4:13). Na Bwana mwenyewe alilia Bethania, akijua kwamba muda si mrefu Lazaro atatoka kaburini. Aliyejua mwisho wa habari alilia kuliko tunavyoruhusu wajane wetu walie.

Upande wa pili wa kasoro hii nitaupitia upesi, kwa kuwa umeshasemwa sana. Kuna mahubiri yanayoihamishia mbingu yote hapa: gari, nyumba, visa, cheo, mwaka huu huu. Yanachangamsha sana ibada, lakini nimeona yanavyomfanyia mtu aliyepunguzwa kazini. Anaacha kuja kanisani. Anaona aibu, kwa sababu amefundishwa kupima upendo wa Mungu kwa mshahara wake, na mshahara umekatika. Furaha ya namna hiyo humkimbia mtu wakati ule ule anaoihitaji.

Lakini mtu anaweza kuniuliza: tukiwaambia watu kwamba kwao ni mbinguni, hawatazembea? Hawatasema dunia inapita, ya nini kupanda mti? Swali hili Biblia inalijibu kwa matendo ya watu. Abrahamu, anayeitwa mgeni na msafiri, aliyekaa katika hema akiutazamia mji uliojengwa na Mungu, ndiye aliyepanda mti Beer-sheba, na alipofiwa na Sara akanunua shamba la Makpela kwa shekeli 400 za fedha ili amzike mkewe. Na Yeremia amekwenda mbali zaidi. Wakaldayo wameuzingira Yerusalemu, yeye mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi, na kwa miaka amehubiri kwamba mji utaanguka. Wakati huo anakuja binamu yake Hanameli kumuuzia shamba lililoko Anathothi, karibu na mji. Kwa hesabu ya soko, shamba hilo halikuwa na thamani yoyote. Yeremia analinunua kwa shekeli 17. Anapima fedha kwenye mizani, anaandika hati, anaweka mashahidi, anatia muhuri, kisha anamwagiza Baruku aweke nakala zote mbili, iliyofungwa na iliyo wazi, ndani ya chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi (Yer 32). Nabii aliyejua kwamba mji utaanguka ndiye aliyejali utaratibu wa hati. Tumaini lake lilikuwa na mashahidi na muhuri.

Nitoe mfano wa karibu nasi. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ilitangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Luwum alikuwa tunda la Uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliowaka Gahini, Rwanda, na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Yeye aliokoka Januari 1948. Waumini walichimba kaburi lake kwenye kilima cha Namirembe, kando ya kaburi la Askofu James Hannington aliyeuawa mwaka 1885. Mwili haukuletwa. Ulipelekwa kijijini kwao Mucwini ukazikwa huko. Jumapili iliyofuata maelfu ya watu walipanda Namirembe hata hivyo, wakati ambapo kuonekana tu pale kulikuwa hatari. Wakasimama mbele ya shimo lisilo na jeneza, na Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti akawakumbusha yale ambayo malaika waliwaambia wanawake asubuhi ya Pasaka kwenye kaburi la Yesu. Watu wakaimba sifa.

Nimesoma na kusikia habari hii mara nyingi na bado inanitetemesha. Watu wale walikuwa na hofu na uchungu, na wauaji walikuwa bado madarakani. Furaha yao haikutokana na habari njema yoyote ya siku ile. Ilitoka kwa Yesu aliyefufuka, ambaye hakuna mtawala anayeweza kumrudisha kaburini. Na kwa kuwa walijua hilo, walikwenda kusimama pamoja mahali pa hatari. Mwaka huohuo kanisa lao lilikuwa likitimiza miaka 100 tangu wamisionari wa kwanza wafike mwaka 1877, na maadhimisho yalifanyika.

Ndugu washiriki, nina maombi ya kuyapeleka katika vikundi mchana huu. Wachungaji, wekeni mbingu na ufufuo katika mahubiri ya siku za kawaida, hata siku ya ubarikio wa vijana, watu waizoee lugha hiyo kabla hawajafiwa. Viongozi wa ibada za msiba, punguzeni hotuba. Mwacheni aliyefiwa alie, na neno la ufufuo lisemwe na mtu aliyekwisha kukaa naye chini. Kwa aliyepoteza kazi, mzee wa mtaa aende nyumbani kwake mapema, asingoje kumkosa ibadani miezi mitatu.

La mwisho ndilo ninalolitaka zaidi. Watu wetu huja kwa wingi hadi siku ya mazishi, kisha turubai linashushwa, sufuria za kuazima zinarudishwa kwa wenyewe, na kufikia arobaini mjane amebaki na watoto na madeni ya hospitali. Kila kikundi kiandike leo majina ya waliofiwa mwaka huu katika mtaa wake, na mbele ya kila jina kiandike nani atakwenda, na tarehe.