Uzi mwembamba, ndoana ndogo: uvuvi wa upole mu mito yetu

Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja mu mkutano mkuu wetu, hapa Baraka. Tumeyaandika karibu sawa vile yalivyosemwa.



Komite iliniomba nizungumze juu ya uvuvi, maana kuna franga zimefika kwa ajili ya vijana waliorudi, na wengi wetu wanataka tununue wavu mkubwa na pirogi moja. Mimi niko na wazo lingine. Ninaomba tununue ndoana, uzi na risasi (ile ya kuvulia, si ile ya bunduki, hiyo tumeiona ya kutosha), na tufundishe. Munisikilize kwanza, kisha mutaamua.

Zamani mutoto wa hapa alijua maji mbele ya kujua shule. Lakini sisi tuliokimbia mwaka 1996 tulifika Nyarugusu, kule Kasulu, na kambi iko mbali na ziwa. Mutoto aliyezaliwa kule alijua maji ya bomba na mustari wa posho. Leo ni kijana mukubwa, ameoa, amerudi kwa babu yake kando ya Tanganyika, na hajui kufunga ndoana. Si kosa lake. Anapoenda kwenye wavu wa watu, kama hana mjomba mu ile pirogi, anavuta kamba usiku kucha na asubuhi anapewa bakuli ya ndagala. Wavu unataka kundi, unataka taa, unataka mafuta, unataka mukubwa wa kugawa. Wavu mmoja wa asosiasio utatuletea palaver mbele ya kutuletea samaki. Ndoana inataka mutu mmoja.

Sasa, mimi ufundi huu niliujifunzia mbali. Kutoka Nyarugusu tulipelekwa Marekani, mu jimbo la Kentucky, mji wa Lexington, ambako watu wetu ni wengi mpaka Kiswahili unakisikia sokoni. Nilikuwa nikifanya kazi ya usiku, na asubuhi mwenzangu wa kazi alinipeleka mto Elkhorn. Wao wanaita kijito. Wakati wa jua unavuka kwa miguu, maji yanafika kwenye paja. Unamwaga maji yake mu mto Kentucky, karibu na mji wa Frankfort. Mule kuna samaki anaitwa besi wa mdomo mdogo. Rangi yake ni ya kahawia yenye kijani, na nguvu yake haifanani na mwili wake. Mwaka 1955, mu ziwa la Dale Hollow, mpakani kwa Kentucky na Tennessee, mutu alivua mmoja wa kilo 5 na zaidi. Mu vijito ukipata wa kilo moja, hiyo ni habari ya nyumba nzima.

Nilishangaa kuona vyombo vyao. Fimbo ya mita mbili, nyepesi sawa tawi. Uzi mwembamba kama unywele, wa kubeba karibu kilo 3 tu. Ndoana ndogo yenye kichwa cha risasi cha gramu 2, hata hazitimii, na juu yake kipande cha mnyoo wa plastiki, mrefu kama kidole. Basi. Kuna mzee wa Kansas, Ned Kehde, mwandishi wa mambo ya uvuvi, aliyeeneza namna hii mpaka ikapewa jina lake. Wanachukua mnyoo wa plastiki, wanaukata nusu, wanaupachika kwenye kichwa cha risasi chenye umbo la uyoga. Ukianguka chini ya maji, ndoana inalala, mkia unasimama na kutikisika wenyewe. Mvuvi hafanyi kitu. Ile njo siri: kufanya kidogo.

Niwaeleze sababu. Mu mto mdogo wenye maji safi, samaki anakuona mbele wewe umuone. Uzi mnene anauona. Ndoana kubwa inaangukia maji kwa kelele. Uzito mwingi unakwama kwenye mawe, na chambo hakiendi sawa vile mdudu wa kweli anavyobebwa na maji. Ukipunguza vyote vitatu, chambo kinakuwa chakula. Uzito unaofaa ni ule unaogusa chini mara moja moja. Kama unagusa kila wakati, ni mwingi. Kama haugusi kabisa, ongeza kidogo.

Mwenye hana kichwa cha risasi afanye hivi: ndoana tupu, na punje moja ya risasi imebanwa kwenye uzi, sentimita 30 mpaka 45 juu ya ndoana. Risasi inatembea chini, chambo kinaelea nyuma yake. Ni rahisi kuliko yote na inafanya kazi kule na huku.

Jambo la pili ni kusoma maji. Samaki wa mto hapendi kupigana na maji siku nzima. Anakaa mahali maji yanapovunjika: nyuma ya jiwe kubwa, chini ya ukingo uliochimbwa, pale maji ya mbio yanapokutana na maji ya pole. Anaweka kichwa kuelekea maji yanakotoka, anangoja chakula kiletwe. Kwa hiyo wewe tembea kutoka chini ukipanda juu, unakuwa nyuma yake. Usiache kivuli chako kianguke mbele yako. Tupa juu ya lile jiwe, si juu ya samaki, kisha acha maji yalete. Uzi usiwe umekaza wala usiwe umelegea sana. Ukiona umesimama pale ambapo ungepaswa kutembea, au unaenda kando, huyo ni samaki. Usivute kwa nguvu kama mutu anayegombania kuku! Ndoana ndogo yenye ncha nzuri inaingia yenyewe ukikaza tu. Ncha unaijaribu kwenye ukucha: ikiteleza, inole, ikishika, iko sawa.

Na fundo. Uzi mwembamba unakatikia kwenye fundo kila siku. Kunja uzi mara mbili, pitisha ile kunjo mu tundu la ndoana, funga fundo la kawaida bila kukaza, kisha pitisha ndoana yote mu ile kunjo. Lowanisha kwa mate, halafu kaza polepole. Ukikaza fundo kavu, uzi unaungua na hauonekani umeungua.

Kule Kentucky fimbo iko na gurudumu la kuzungushia uzi, na hilo gurudumu linajua kuachia samaki akivuta sana. Sisi hatuna, na sitaki tununue, ni bei na mchanga unaliua. Chupa ya plastiki inatosha: uzi umezungushwa kwenye chupa, kidole juu yake, samaki akikimbia unaachia, akichoka unazungusha. Au mwanzi mrefu wenye ncha laini. Mwanzi wenyewe unapinda na kumchosha. Babu zetu walijua haya yote. Kilichobadilika ni ukubwa wa ndoana na unene wa uzi.

Sasa tuje Mutambala. Besi hayuko huku, na ninaomba mutu asije akawaza kumleta. Afrika Kusini waliletwa, wakamaliza samaki wadogo wa mito ya kule. Sisi tuko na wetu. Mu kiangazi, maji ya Mutambala yakiwa safi, mnachoona juu ya mawe ndiyo ile Elkhorn niliyoisema. Mnyoo wa plastiki hatuuhitaji. Kule besi anapenda mdudu mwenye makoleo anayejificha chini ya mawe, na sisi tuko na kaa wadogo chini ya mawe yale yale. Kipande cha kaa, panzi, mnyoo wa bustani: hiyo ndiyo dukani kwetu, na ni bure. Plastiki ikikatika inabaki mu maji, samaki anaimeza.

Mvua ikinyesha na maji yakawa kama chai ya maziwa, achana na uzi mwembamba. Samaki haoni, ananusa. Hapo tafuta kambale jioni, kwa mnyoo mnene uliolala chini, uzi mzito kidogo. Na mukienda upande wa Ruzizi au mlangoni mwa mto, kuna yule mwenye meno ya nje. Huyo anakata uzi sawa wembe, mutahitaji sentimita chache za waya mbele ya ndoana. Pale kwenye mamba, hakuna ufundi. Munatoka. Na mu maji yaliyosimama musikae na miguu ndani, kuna bilarzi. Simameni juu ya jiwe.

Kuna jambo nataka wazee wanisaidie kulisema. Kule Kentucky unanunua kwanza ruhusa. Sheria ya jumla ni besi sita kwa siku, na aliye chini ya sentimita 30 anarudishwa mu maji. Nilicheka mara ya kwanza: mutu anashika chakula, anakipima, anakiachilia? Lakini ule mto uko karibu na miji, watu wanauvua kila mwaka, na samaki wangali mule. Besi dume analinda kiota chake. Ukimtoa, wadogo wanaliwa saa ile ile. Sasa fikirini kuhe wetu. Baba na mama wote wawili wanalinda mayai na watoto kwenye mchanga, mahali si pa kina. Ni rahisi kumvua wakati huo kwa sababu anashambulia kila kitu kinachokaribia. Ukimvua baba na mama, umekula jamaa nzima kwa sufuria moja. Ukiona wingu la watoto na wakubwa wawili juu yao, peleka ndoana kwingine.

Na chandarua cha mbu. Tunajua wote kinavyokokotwa mlangoni mwa mto. Sitamlaumu mama mwenye watoto wenye njaa. Lakini chandarua kinachukua samaki wa mwaka kesho, na ndoana inachagua. Ndoana ndogo haina maana ya samaki mudogo. Kule samaki wakubwa niliowaona walitoka kwa ndoana ndogo kuliko zote.

Ndugu wafadhili watauliza franga zitahesabiwa namna gani. Ninapendekeza tuanze na vijana 20, wasichana pia, maana uvuvi huu hautaki mabega. Kila mmoja apate ndoana 30 za saizi tatu, mita 100 za uzi mwembamba na 50 za uzi mzito, punje za risasi, waya kidogo. Anatia saini, komite inaweka orodha. Kila juma anasema amepoteza ndoana ngapi na amepata samaki wangapi, na wa namna gani. Baada ya kiangazi kimoja tutakuwa na hesabu ya kweli ya kuwaonyesha. Kama haikuleta chakula, tutazungumza tena habari ya wavu, na mimi mwenyewe nitapiga kura ya wavu.

Kwa vijana: posho ya ndoana haijafika, lakini kuzifunga kunaweza kuanza. Siku ya posho ya kwanza asubuhi, saa kumi na mbili, tukutane kwenye daraja la Mutambala. Kila mmoja alete chupa tupu, mwanzi mrefu kuliko yeye, na kaa watatu. Uzi wa kwanza nitatoa mimi.