Ndugu Yako Yuko Wapi?

Tarehe 16 Februari hutuletea misiba miwili sisi tukaao kando ya Ziwa Victoria. Mwaka 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa, baada ya yeye na maaskofu wenzake kumpelekea Idi Amin barua ya kupinga mauaji. Mwaka 1990, tarehe iyo hiyo, mwili wa Dakta Robert Ouko, Waziri wetu wa Mambo ya Nchi za Nje, ulipatikana umeteketezwa chini ya Got Alila, karibu na Koru.

Mungu alipomwuliza Kaini habari za nduguye, Kaini alikana. Luwum hakukana. Nasi je, jirani akidhulumiwa, si mara nyingi twanyamaza kwa hofu? Bwana atusamehe, atupe ujasiri. Amina.